Kinasa sauti cha kununua kama unachambua muziki kwa Python: uliza kwanza geini inazimwaje

"Dada, plagini imeharibika." Ujumbe wa namna hii umekuwa mwingi hadi nimeamua kuujibu wote hapa. Mmoja ametoka kwa kijana wa Usa River anayerekodi kwaya, mwingine kwa mdau wa Pasua, Moshi, anayepima kasi ya ngoma. Wote wameweka moduli ya vamp kwenye Python, ile lugha ya kuandikia programu, wameshusha plagini (programu ndogo za kuchomeka ndani ya nyingine), wameandika mistari yao michache ya msimbo, halafu majibu yanachekesha. Programu inaona mapigo mahali ambapo hakuna mtu aliyepiga kitu, na ngoma zilizopigwa kweli inaziruka. Nikiomba faili na kulifungua kwenye Sonic Visualiser, programu inayokuchorea sauti uione kwa macho, plagini haina kosa lolote. Kosa ni kinasa sauti walichouziwa.

Kwa aliyeingia leo: plagini za Vamp hazirembi sauti kama zile za studio. Unazipa sauti, zinakurudishia namba: pigo limeanza sekunde ya ngapi, noti ina herzi ngapi, nguvu ya sauti inapanda na kushuka vipi. Mfumo huu ulianzia Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, na plagini nyingi ni za bure. Sonic Visualiser ni ya bure, Python ni ya bure. Kwa hiyo pesa yako yote inakwenda kwenye kinasa, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Sitazungumzia uzito, rangi wala ukubwa wa kioo. Hayo utayaona mwenyewe dukani. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja tu, geini otomatiki. Geini ni kiasi ambacho kinasa kinakuza sauti inayoingia.

Vinasa vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mikutano na mihadhara, ili aliyekaa mbali asikike sawa na aliyekaa karibu. Ndani yake ni kama kuna mtu ameshika rimoti ya redio: ngoma ikilia anapunguza, kukiwa kimya anaongeza. Kwa mwandishi wa habari hiyo ni neema. Kwa anayechambua ni balaa. Ngoma kubwa ikipigwa, geini inashuka ghafla na mapigo madogo yanayofuata yanamezwa. Kukiwa kimya inapanda taratibu, hadi mguno wa kiti na kikohozi cha mzee wa benchi la nyuma vinakuwa na ukubwa wa pigo la ngoma. Plagini ya kutafuta mianzo ya mapigo inakuandikia hivyo vyote kwa uaminifu, kisha ya kutafuta kasi inajenga juu ya mianzo hiyo ya uongo. Na usidhani utakuja kuirekebisha nyumbani. Kinasa hakiandiki popote kwamba sekunde hii kilipandisha kiasi gani na ile kikashusha kiasi gani. Imetoka hiyo.

Ubaya mwingine ni kwamba si kila kipimo kinaumia, ndiyo maana watu wanachelewa kugundua. pYIN, plagini ya kufuatilia kimo cha noti, yaani iko juu au chini kiasi gani, inaangalia mawimbi yanavyojirudia, si ukubwa wake, hivyo mwalimu wa kwaya anayetaka kujua kama sauti ya kwanza imeshuka katikati ya wimbo anaweza kutumia kinasa kibovu miaka nenda rudi na asilalamike. Siku atakayotaka kujua nani aliimba kwa nguvu, au kulinganisha mazoezi ya Jumatano na ibada ya Jumapili, ndipo namba zitamkataa.

Jipimie dukani kabla hujatoa hela. Vaa hedifoni, bonyeza kurekodi, piga kofi moja kubwa karibu na maiki, kisha nyamaza. Ukisikia feni na kelele za barabarani zinarudi polepole kana kwamba mtu anazisogeza karibu, geini otomatiki iko kazini. Mwambie muuzaji akuonyeshe inazimwa wapi. Akisema haizimwi, au akianza kukusifia betri, mshukuru na uondoke. Ukiwa na kompyuta ndogo, pitisha faili hilo kwa amplitudefollower, plagini inayofuata ukubwa wa sauti, iliyomo kwenye mfuko wa plagini za mfano za Vamp (hapa "kasi" ni idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde, si kasi ya ngoma):

vamp.collect(sauti, kasi, "vamp-example-plugins:amplitudefollower")

Chora mstari. Baada ya kofi unatakiwa ushuke na ubaki chini. Ukiuona unapanda mlima, umepata jibu.

Haya, tupange.

Ya kwanza ni Zoom H1essential. Ndiyo, mimi ni mtu wa Zoom (wa vinasa, si ile ya mikutano ya mtandaoni) na sijifichi, ila hapa nina sababu. Inarekodi kwa biti 32 za floti, nafasi pana kiasi kwamba mnong'ono na kelele vinaingia bila mtu kugusa geini. Kwa hiyo haina kitufe cha geini, wala otomatiki ya kuizungusha kwa siri. Ukisoma faili kwenye Python unaweza kukuta namba zinazozidi 1, ambayo ndiyo kikomo cha mafaili ya kawaida. Usishtuke, sauti haijapasuka, gawa kwa ile kubwa kuliko zote na uendelee. Maiki yenyewe bado ina kikomo, ukiitega mdomoni mwa spika la harusi itapasua tu. Inatumia betri mbili ndogo za AAA, na mafaili ni makubwa: kwa kilohezi 48 (sampuli 48,000 za sauti kila sekunde), stereo, saa moja ya ibada inakula karibu GB 1.4. Nunua kadi halali. Hizi zinazoandikwa GB nyingi kwa bei ya chipsi zinajaa kabla ya mahubiri.

Ya pili, Tascam DR-05X. Ina geini otomatiki, lakini unaingia kwenye menyu na kuizima, na ikizimwa imezimika. Baada ya hapo panga geini kwa mkono, sehemu yenye kelele zaidi ifike karibu desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa (0 ndipo sauti inapopasuka), na usiiguse tena hadi mwisho. Maiki zake zinasikia pande zote, kwa hiyo isogeze karibu na unachokipima, la sivyo utachambua waumini badala ya kwaya.

Ya tatu, Zoom H1n iliyotumika, ukiipata kwa mtu unayemfahamu. Ina kitufe kabisa cha AUTO LEVEL, hakikisha kimezimwa kila unapoiwasha. Babu yake, H1 ya mwaka 2010, bado inazungukazunguka na inafaa pia. Swichi yake iko mgongoni na inapenda kusogea ikiwa mfukoni.

Kama unarekodi mezani tu, Behringer UM2, kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta, pamoja na maiki ya kawaida inakutosha. Haina otomatiki yoyote kwa sababu haina akili yoyote, ni vitufe vya kuzungusha tu, na ndicho ninachokipendea. Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la nne ni nzuri zaidi, lakini ina kitu kinaitwa Clip Safe kinachoshusha geini sauti ikikaribia kupasuka. Kizime. Ile Auto Gain yake haina neno, inapima mara moja kabla hujaanza kisha inatulia. Tatizo la vyote viwili ni kwamba vinategemea kompyuta, na umeme wa huku tunaujua.

Simu? Android kuanzia toleo la 7 inaruhusu programu kuomba sauti ghafi, lakini si kila simu inaitoa na si kila programu inaiomba. Ijaribu kwa kofi lile lile. Vile vinasa vya umbo la kalamu na flashi vinavyouzwa na chaja za simu, achana navyo.

Sasa niwaseme wauzaji kidogo. Kuna duka moja Arusha, si mbali na Mnara wa Saa, niliuliza geini inazimwa wapi nikajibiwa, "Dada, hii ni otomatiki, hutakiwi kushika kitu." Alikuwa ananisifia kilema! Na bei ilipandishwa kwa sifa nyingine isiyonihusu, kwamba inafika kilohezi 96. Msilipie hiyo. Ukifungua faili kwa librosa.load, ya maktaba ya Python ya kuchambua sauti, bila kuiambia kitu, inalishusha hadi herzi 22,050 na kuligeuza mono, kwa hiyo ile 96 uliyoitolea jasho inaishia mstari wa kwanza wa msimbo. Andika sr=None ikiwa unataka kilohezi halisi za faili, na hata hivyo kilohezi 44.1 zinatosha kwa ngoma na kwaya. Halafu kuna hawa wa mtandaoni wa "bei njoo inbox". H1essential ilipotoka mwaka 2024 iliuzwa Marekani chini kidogo ya dola 100. Najua kuna usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, hesabu hiyo tunaiweza wote. Kinachoniudhi ni mtu kuficha bei hadi ajue unakaa Njiro au Ngaramtoni. Moshi ndiyo kabisa, maduka ya vifaa vya muziki yamejaa mikseta na maspika ya sherehe, ukitaja kinasa unaambiwa "tutakuagizia Kariakoo", na hapo huwezi kupiga kofi lako kabla ya kulipa. Ukikubali kuagiziwa, andikishaneni kwenye ujumbe kwamba kisipozimika geini kinarudi, na udai risiti ya EFD yenye jina kamili la modeli. H1essential na "Zoom ndogo nyeusi" si kitu kimoja.

Kwa wanaotaka niwaangalizie faili: likate lisizidi dakika moja, liwe WAV, na mlitume WhatsApp kama dokumenti. Msinitumie ujumbe wa sauti mliourekodi kutoka kwenye spika ya kinasa. Huo umeshabanwa, na geini ya simu nayo imeshatia mkono wake, sitaweza kujua mwizi ni yupi.