Kioo cha nyuma cha IST: nilinunua Gerezani, kikafungwa Ilala

Kwa anayetaka bei tu, hii hapa. Kioo cha nyuma cha mtumba cha Toyota IST ya zamani nilikichukua kwa 140,000 baada ya kuanziwa 220,000. Gundi, praima (ile dawa inayopakwa kwanza ili gundi ishike) na tepu 55,000. Ufundi 40,000. Nauli ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na soda ya kijana aliyenishikia kioo njiani siziweki. Hizo ni bei za Dar es Salaam, na bei ya Gerezani, kwenye maduka ya spea, inategemea pia umevaaje siku hiyo. Mwenye muda akae nimweleze, maana kilichonisumbua hasa hakikuwa kioo.

Gari ni ya 2004, ile ya chesisi NCP60. Lilikuwa limeegeshwa nje ya ofisi Chang'ombe, pembeni kijana anafyeka nyasi kwa mashine, jiwe likaruka. Kioo hakikuanguka palepale. Kilijaa nyufa kuanzia kona hadi kona kikabaki kimesimama, kimeshikiliwa na tinti. Mlinzi akasema, "Dada, hiki kinakufikisha nyumbani." Nikaingia, nikafunga mlango wa dereva, hewa iliyobanwa ndani ikakimalizia. Chote kikamwagikia kwenye buti.

Watu wengi hudhani vioo vya gari vyote ni kitu kimoja. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikipigwa jiwe kinapata ufa na bado unaendesha. Cha nyuma ni kioo kimoja kilichopashwa moto kiwandani kupita nyuzi 600, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Nje kinabaki kimejikaza, ndani kinavutana. Ugumu wake wote unatokana na huko kuvutana, na ukikitoboa mahali pamoja tu kinaachia chote, vipande vidogo vidogo. Kwa hiyo akitokea fundi wa kukuambia atakupunguzia kioo cha gari jingine kikae kwako, mkimbie. Kioo cha namna hii hakikatwi wala hakitobolewi kikishatoka kiwandani. Akifanikiwa kukikata, ujue amekuwekea kioo cha dirisha la nyumba, na siku kikivunjika kitashuka kama mapanga.

Kabla ya kupata kioo niliendesha na nailoni nzito niliyoibana kwa selotepu pana. Trafiki wa Tazara alinisimamisha, akaiangalia inavyopigapiga, akaniuliza kama nimehama na nyumba. Akaniachia. Lakini nailoni ina jambo moja ambalo si la kucheka, nalo ni moshi. Gari lenye mlango mkubwa wa nyuma, iwe IST, Vitz au Passo, likiwa kwenye mwendo hewa ya nyuma yake inakuwa na msukumo mdogo, basi moshi wa ekzosi unazunguka pale na kurudi ndani kupitia uwazi wowote. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, ambayo huioni wala huinusi. Mimi kichwa kilianza kuuma kwenye foleni ya Buguruni. Ukilazimika kuendesha hivyo, ziba nailoni kote bila kuacha upenyo, shusha vioo vya mbele, na feni iwe inavuta hewa ya nje, si kuzungusha ya ndani. Na usimpakie mtoto nyuma.

Kuhusu bima sina la kusimulia sana. Yangu ni bima ndogo, inalipa hasara ya mwingine, haigusi kioo changu. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake kwanza: kuna inayotaja kioo cha mbele peke yake na kuna inayosema vioo vyote, tena kuna kiasi utakachochangia mwenyewe. Kwa kioo cha laki na nusu, mchango huo unaweza kumeza dai lote.

Gerezani ukishuka tu mawinga wanakupokea. "Sista, IST? Ipo, njoo." Winga hana duka. Anakupeleka kwa mwenye duka na cha juu chake kinakaa kwenye bei yako. Siwalaumu, nao wanatafuta, na mara nyingine ndio wanaojua spea iko stoo ya nani. Ila winga wangu wa kwanza alinionyesha kioo cha new model akaapa kinaingia. Hakiingii. IST ya zamani ilitengenezwa 2002 hadi 2007, na hizo ni NCP60, NCP61 na NCP65, ambazo zinatofautiana injini na matairi yanayovuta lakini bodi ni moja. Kuanzia 2007 ni NCP110 na NCP115, gari jingine kabisa kwa umbo. Nenda na picha ya kadi ya gari yenye namba ya chesisi. Muuzaji makini anaiomba kabla hajataja bei, na mimi nilinunua kwa yule wa kwanza kuiomba.

Mbele yangu kulikuwa na njia tatu. Kioo kipya cha Kichina, ambacho niliambiwa mpaka kiagizwe. Kioo cha mtumba kilichotolewa kwenye gari la Japani. Au mlango mzima wa buti pamoja na kioo chake, unafungua bolti za bawaba, unahamisha nyaya, umemaliza, hakuna gundi wala kusubiri. Hiyo ya tatu ilinivutia sana na kwa mwenye haraka naipendekeza, ila mlango uliokuwepo ulikuwa wa bluu na gari langu ni la fedha. Kupiga rangi kungeongeza gharama kuliko kioo chenyewe, na kuendesha IST ya rangi mbili sikuwa tayari.

Nikabaki na mtumba, na sijutii. Kioo hakichakai kama pedi za breki. Angalia vitu hivi. Kwanza mhuri wa kwenye kona: uwe na jina la mtengenezaji na alama ya kiwango. Vya Japani mara nyingi ni vya Asahi, Nippon Sheet Glass au Central Glass, vya Kichina utakutana na Fuyao na Xinyi, na hao wote ni viwanda halisi. Kioo kisicho na mhuri wowote kirudishe. Pili pitisha kidole ukingoni mzunguko wote, kwa kitambaa. Kikiwa kimemeguka hata kidogo pembeni, hicho kinaweza kupasuka siku ya joto bila kuguswa na mtu. Tatu, kama gari lako shina la waipa linapita kwenye kioo, hakikisha tundu lipo na liko mahali pake.

Nne ni ile mistari ya kahawia ya difoga, na hapa ndipo wengi tunapigwa. Mistari hiyo ni rangi yenye fedha iliyochomewa kwenye kioo, inapitisha umeme wa betri na kukausha ukungu. Kwenye kioo cha mtumba, vile vidole viwili vya pembeni vinavyopokea waya huwa vimeng'oka wakati wa kukitoa kwenye gari la zamani, au mtu amekwangua tinti kwa wembe akakata mistari. Muuzaji atakuambia, "Dada, Dar hakuna baridi, difoga ya nini?" Mwambie wewe una kwenu Njombe. Na hata Dar, mvua ikinyesha, watu watano ndani na vioo vimefungwa, nyuma huoni kitu. Niliomba mita ya umeme duka la jirani, tukapima mstari mmoja mmoja kuona kama umeme unapita. Vioo viwili vilikataa. Cha tatu kilikubali yote isipokuwa mstari wa chini kabisa, nikautumia kushushia bei.

Kukisafirisha: kisimame kwa ubavu juu ya blanketi, kisilazwe. Kirikuu, mtu mmoja anashika. Bajaji usijaribu.

Sasa gundi. Fundi wa karibu na nyumbani, kijana mchangamfu tu, alitaka elfu ishirini na tano kwa kila kitu. Nikamwomba anionyeshe atakachotumia. Akatoa tyubu ya silikoni, ile ya kuzibia masinki. Nikaifungua, inanuka siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka silikoni ikikauka, na asidi hiyo inakula bati. Utakaa mwaka mmoja ukiwa na furaha, halafu kutu inaanza chini ya kioo usipoiona. Tena silikoni haikutengenezwa kubeba kioo cha gari kinachotikiswa kwenye barabara za Tabata. Na ukishaipaka, hata ukirudi baadaye kwa gundi sahihi, haishiki vizuri mahali palipobaki mabaki ya silikoni. Nikamshukuru nikaondoka.

Gundi sahihi ni ile nyeusi ya polyurethane ya vioo vya magari. Kuna ya Sika na kuna nyingine kadhaa. Soma tarehe ya mwisho kwenye tyubu, maana inakaa dukani ikiganda polepole, na ya bei ya kutupa mara nyingi ndiyo iliyozeeka. Kwa mzee mmoja wa Ilala, kitu cha kwanza alichonionyesha kilikuwa tarehe hiyo, bila mimi kuuliza. Nikaona hapa nimefika.

Kazi yake niliisimamia mwanzo hadi mwisho. Alivua plastiki ya ndani ya buti, akatoa humo viganja viwili vya vipande vya kioo ambavyo vingekuwa vinalia kila tuta. Akafyonza kwa mashine hadi kwenye shimo la tairi la akiba na kwenye vifungio vya mikanda. Kisha akakata gundi ya zamani kwa kisu, lakini hakuimaliza. Aliacha utando mwembamba, kama milimita moja au mbili. Nikadhani ni uvivu. "Mwanangu," akasema, "gundi mpya inaipenda ya zamani kuliko inavyolipenda bati." Sehemu mbili zilikuwa na kutu kidogo, akazipiga msasa hadi zikang'aa, akapaka praima, akaziacha zikauke. Kioo nacho kikasafishwa, kikapakwa praima pembeni, kwenye ule mkanda mweusi. Mkanda ule si urembo: unazuia jua lisiipige gundi.

Halafu akakijaribisha kikavu. Akakiweka mahali pake bila gundi, akalinganisha nafasi kushoto na kulia, akabandika vipande vya tepu nusu kwenye kioo nusu kwenye bati, akavikata katikati kwa wembe. Baada ya hapo hakuhitaji kubahatisha. Mdomo wa tyubu aliukata kwa umbo la V, gundi ikatoka imesimama pembe tatu, akaizungusha mara moja bila kukatiza. Yeye na kijana wake wakakibeba kwa vikombe vya kunyonyea, tepu zikakutana, wakakandamiza taratibu kwa viganja. Tepu ndefu juu ili kisiteleze, kwa sababu mlango wa IST umelala.

Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewani, na unyevu Dar hatununui. Hata hivyo alikataa niondoke na gari jioni ile, likalala pale. Masharti: kioo kimoja cha mlango kiachwe wazi kidogo ili hewa isikisukume kipya unapofunga mlango, buti isibamizwe, na kwa mashine ya kuoshea lisipelekwe kwa siku mbili. Asubuhi tukamwaga maji kwa mpira kutoka juu, mimi ndani na tochi ya simu nikipita kona zote. Kavu. Tukawasha difoga, tukapuliza maji ya chupa ya dawa ya mbu, mistari ikajichora ikikauka mmoja baada ya mwingine, isipokuwa ule wa chini tuliojua.

Masika yote imepita na zulia la buti halijawahi kulowa. Njombe nimeenda nalo, asubuhi ukungu ukatoka ndani ya muda mfupi. Rangi ya kioo imezidi weusi kidogo kuliko vya pembeni, kwa sababu kilitolewa kwenye gari lenye vioo vyeusi vya kiwandani. Anayejua ataona, wengine hawajawahi kusema. Tinti sijarudisha. Nilipoona ilivyoshikilia vile vipande nilitamani, lakini tinti ikija kuzeeka utaibandua, na ukiibandua vibaya inaondoka na difoga.

Malalamiko yangu ni madogo. Mzee hana risiti, dhamana yake ni ya mdomo. Tone la gundi lilibaki kwenye bampa na halitoki kwa kitu chochote. Klipu tatu za plastiki ya buti zilivunjika wakati wa kuvua, akaahidi kuniletea, simu ikawa "kesho mwanangu" hadi nikachoka. Nilinunua pakiti mwenyewe Gerezani nikazibana kwa mkono nyumbani. Kikivunjika kingine nitarudi kwake huyo huyo, ila nitaenda na klipu zangu mfukoni, na nitafika asubuhi kabla hajaanza kupokea simu.