PicoMite kwenye Raspberry Pi Pico: safu za stringi zikipimwa kwa baiti

Kwa anayetaka kuandika BASIC, lugha nyepesi ya programu, kwenye maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja ya kuendesha vifaa) na kazi yake ina majina mengi, menyu au mistari ya vipimo, PicoMite ndiyo ya kuanza nayo. Ni MMBasic, aina ya BASIC ya Geoff Graham, iliyohamishiwa bodi ndogo ya Raspberry Pi Pico na Peter Mather. Programu ni ya bure, na bodi ilipotoka mwaka 2021 ilitangazwa kwa dola 4. Kuiweka si kazi: shikilia kitufe cha BOOTSEL huku unachomeka waya wa USB, diski iitwayo RPI-RP2 itatokea kwenye kompyuta, kopi humo faili la .uf2, kisha fungua terminali, yaani programu ya kuwasiliana na bodi kwa maandishi, kama Tera Term. Ukiona alama ya >, andika programu.

Utamu wake na gharama yake vyote vinatokana na uamuzi mmoja. MMBasic haitengi nafasi ya stringi (kipande cha maandishi) kadiri ya herufi ulizoweka. Kila stringi kwenye safu, yaani orodha ya nafasi nyingi zenye jina moja, hupewa baiti 256: moja ya kushika urefu, 255 za herufi, hata ukiweka "Ali" tu. Na kwa kuwa hesabu huanzia 0, amri hii ya kutangaza safu

DIM jina$(200)

inatoa nafasi 201, yaani baiti 51,456. Pico ina RAM ya KB 264 kwa jumla, na MMBasic yenyewe inakula fungu lake. Safu chache za aina hiyo zitakuletea ujumbe kwamba kumbukumbu haitoshi. Kwenye Micromite, maikrokontrola nyingine ya MMBasic yenye chipu ya PIC32MX170 na RAM ya KB 64 tu, safu hiyo moja inakaribia kumaliza zote.

Dawa ni neno LENGTH:

DIM jina$(200) LENGTH 20

Sasa kila nafasi ni baiti 21, jumla 4,221. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya programu inayokwama na inayokwenda. Siku za wiki kwa Kiswahili ni mfano mzuri, maana hakuna inayozidi herufi 8:

DIM siku$(6) LENGTH 8 = ("Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa","Jumamosi")

Baiti 63 badala ya 1,792. Idadi ya maneno kwenye mabano lazima ilingane kabisa na idadi ya nafasi. Pungufu au zaidi, unapata kosa. Orodha ikiwa ndefu usiilazimishe kwenye mstari mmoja, tumia DATA (kuandika orodha) na READ (kuisoma) ndani ya lupu ya FOR, inayorudia hatua.

Kwa mtazamo wangu, uamuzi huo wa nafasi zisizobadilika ni sahihi kwa kifaa kidogo. Kwenye Arduino yenye chipu ya ATmega328P na RAM ya KB 2, stringi za aina ya String hukua na kusinyaa hadi kumbukumbu inabaki na matundu matundu, na kifaa kinaweza kufa baada ya saa kadhaa bila kusema sababu. Hapa safu ikishatengwa, imetengwa. Kidhibiti cha pampu kinachotakiwa kukesha kazini kinahitaji hilo kuliko kinavyohitaji kubana baiti.

Lakini LENGTH ina makali yake. Ukiweka stringi iliyozidi urefu uliotangaza, programu inasimama na ujumbe wa "String too long". Haikati ziada kimyakimya. Basi chochote kinachotoka nje, kama GPS, laini ya seriali au kidole cha mtumiaji, kikate kwanza:

jina$(i) = LEFT$(x$, 20)

Na angalia alama ya ng'. Ukiandika "ng'ombe" kwa apostrofi ya kawaida ni baiti 7. Ukikopi kutoka programu ya kuandikia nyaraka inayoweka ile iliyopinda, kwa UTF-8, mfumo wa kawaida wa kuhifadhi herufi, alama hiyo peke yake ni baiti 3, na LEN, inayopima urefu, itakupa 9. Neno litazidi nafasi uliyopima, na INSTR, inayotafuta neno ndani ya stringi, haitalipata hata likiwepo. Andika upya apostrofi kwa mkono.

Kupanga kwa alfabeti ndiko kunakoipa PicoMite heshima kubwa. Huhitaji kuandika algoriti yako. Kuna amri ya SORT:

SORT jina$(), nafasi%(), 6

Safu ya pili, ya namba kamili na yenye ukubwa uleule, inabaki na namba za nafasi za zamani, kwa hiyo simu au bei zilizo kwenye safu nyingine bado utazipata. Ile 6 ni jumla ya 2 na 4. Mbili inapuuza herufi kubwa na ndogo. Bila hiyo, "Zuhura" atatangulia "asha". Nne inapeleka stringi tupu mwishoni. Ukiisahau, na safu ina nafasi 201 lakini majina 30, skrini itaonyesha utupu mtupu juu, na utadhani data imepotea.

Kukata mstari wa CSV (vipande vilivyotenganishwa kwa mkato) ni FIELD$(m$, 2, ","), inayotoa kipande cha pili cha m$, nayo inahesabu kuanzia 1 wakati safu inaanzia 0. Hapo wengi huteleza. OPTION BASE 1 kabla ya DIM yoyote inafanya safu nazo zianzie 1, na inamaliza mkanganyiko.

Kuipeleka safu kwenye SUB (kipande cha programu chenye jina lake, hapa Onyesha), andika mabano matupu: Onyesha jina$(). Inapelekwa yenyewe, si nakala, kwa hiyo ukibadilisha humo ndani umebadilisha ya asili. Ukomo wake unaupata kwa BOUND(jina$()).

Upungufu upo. Kutafuta jina ndani ya safu nzima ni lupu yako mwenyewe, na UCASE$, inayogeuza herufi zote kuwa kubwa, pande zote mbili. Maandishi yanayozidi herufi 255 hayaingii kabisa. Hayo yanakaa kwenye safu ya namba kamili kwa amri za LONGSTRING, ambazo zinafanya kazi vizuri ila uandishi wake ni mzito.

Mwenye orodha kubwa kweli achukue Pico 2, yenye chipu ya RP2350 na RAM ya KB 520. Faili la .uf2 la Pico ya kwanza halifanyi kazi humo; pakua la RP2350.