CD tupu za kununua: tazama mgongo, si tumbo

Msimu wa korosho uliopita nilichoma CD tatu za hesabu za chama chetu cha msingi, kwenye kompyuta ya steshenari moja hapa Mtwara mjini. Nikaandika mgongoni kwa bolpeni, nikazitia kwenye bahasha. Mkaguzi alipozitaka, mbili hazikusoma. Nilipoiinua moja kwenye taa, mwanga ulipenya palepale bolpeni ilipopita: "Mnada wa 4".

Kumbe sote tunalinda upande usio wenyewe. Tumbo, ule upande unaong'aa tunaoushika kwa adabu, ni plastiki ya zaidi ya milimita moja. Data ya CD imekaa mgongoni, chini ya rangi nyembamba tu. Tumbo likichubuka kidogo, unaweza kulisugua na CD ikasoma tena. Mgongo ukichubuka, umekwisha. DVD ni tofauti: vipande viwili vya milimita 0.6 vimegandishwa, data ikalala katikati kama nyama ya sambusa.

Na msiniambie nitumie flashi. Flashi ikishapita kwenye kompyuta ya watu ishirini inarudi nyumbani na kirusi. CD iliyochomwa ikafungwa, kirusi hakina pa kuandika.

Namba moja, na sitaki ubishi: DVD-R ya Verbatim, ile yenye neno AZO kwenye kasha, yaani aina ya rangi inayoshika data. Inabeba GB 4.7. Kompyuta itakuonyesha 4.38, hujaibiwa, ndivyo inavyohesabu.

Namba mbili ni CD-R ya Verbatim, MB 700, kwa anayepeleka faili kwenye mashine kongwe isiyosoma DVD. Andika kwa maka peni laini, tena kwenye duara la katikati lisilo na data. Lebo za kubandika usiziguse kabisa, ukijaribu kuibandua inaondoka na mgongo.

M-DISC, diski iliyotengenezwa idumu miaka mingi, ingekuwa juu, ila inataka deki inayoikubali, na nimezunguka sokoni mpaka Chikongola sijaikuta. RW, ile inayofutika na kuandikwa upya, ni ya kuhamishia faili, si ya kutunzia. Zisizo na jina waachieni wachoma miziki.

Sasa wauzaji. Wanafungua rundo la hamsini, wanaziuza mojamoja, uchi, zimelala kwenye kaunta ya kioo, jua la saa nane likizipiga na mgongo ukisuguana na tumbo la mwenzake. Ukiomba bahasha, inalipiwa. Ukimwomba kijana achome kwa kasi ya 8 badala ya mwisho wa uwezo, kisha ahakiki, anakuonyesha foleni: "Dada, unachelewesha wateja." Ikiharibika, unanunua nyingine na kulipia kuchoma upya.

Basi kaa mwenyewe kwenye kiti. Windows ikiuliza kama unaitaka itumike kama flashi au kwenye deki ya CD/DVD, chagua ya pili. Ukiahirisha kuchoma, futa faili zinazosubiri, la sivyo anayekaa baada yako atasoma mishahara ya watu.

Siku hizi naenda na Verbatim yangu mkobani, ndani ya kasha lake. Wiki iliyopita wakaniongezea bei: eti aliyekuja na CD yake analipia "uchakavu wa deki".