Outside In, video ya kugeuza tufe ndani nje

Hii video ni ya 1994, wameitengeneza Geometry Center pale Chuo Kikuu cha Minnesota Marekani, na mpaka leo sijaona inayoizidi. Ishu yenyewe ni hivi, una tufe, ngozi yake inaruhusiwa kujipenya yenyewe ila isichanike, isitoboke wala isipate kunjo kali hata moja, haya sasa ligeuze ndani iwe nje. Unaona haiwezekani eti? Mwanahisabati Smale alishathibitisha tangu miaka ya 50 kwamba inawezekana, kazi ikabaki kuonyesha inafanyikaje, na mmoja wa waliokuja kuionyesha ni Morin, Mfaransa ambaye alikua haoni kabisa!! Humu kwenye video wanatumia mbinu ya mwanahisabati mwingine, Thurston, tufe linatiwa mawimbi kama sketi ya marinda, ncha mbili zinapishana, katikati panasokotwa, mawimbi yanalainishwa, kwisha. Na duara la kawaida wanakuonyesha kwanini haligeuki, ukiufuata mstari wake unazunguka mara moja kushoto, ukiligeuza inabidi iwe kulia na hiyo hesabu haibadiliki ng'o. Hapo nimewapa tano. Wale wasimulizi wawili wanaboa kidogo na grafiksi zimezeeka, sawa, ila kipande cha kusokota kiangalie taratibu maana mara ya kwanza lazima kikupite.