Trei za silikoni za vitafunio vya matunda vya mbwa: umbo la mfupa linauzika, nusu duara ndiyo inayofanya kazi

Ukiulizia trei za kutengenezea vitafunio vya mbwa visivyohitaji oveni, utaonyeshwa za aina mbili: zenye umbo la mfupa na zenye umbo la unyayo. Aina ya tatu haina picha ya mbwa wala haiwekwi kwenye rafu za vifaa vya wanyama. Ni trei ya vitundu vya nusu duara inayouzwa kwa watengenezaji wa keki na chokoleti, na kwenye maduka ya vyombo kama ya Kariakoo au Kamukunji ni rahisi zaidi kuipata kuliko hizo mbili. Kwa matunda yaliyosagwa, hiyo ya tatu inazishinda nyingine kwa mbali.

Tuanze na mfupa. Kasoro yake ni shingo nyembamba inayounganisha ncha mbili. Unapokunja silikoni ili kubandua kitafunio, ncha zimeng'ang'ania na nguvu yote inaishia shingoni, basi kinakatika. Mchanganyiko wa agari (unga wa mwani unaogandisha juisi kama jeli), ambao haunyumbuki na hukatika upesi, ndio unaoumia zaidi. Unyayo nao una vidole vinne vidogo. Mtindi mzito haufiki chini ya vidole hivyo, hewa inabaki, na ukibandua unapata kiganja bila vidole. Aliyekwisha kuinunua anaweza kuiokoa: ajaze vidole kwanza kwa bomba la sindano la famasi lisilo na sindano, agonge trei mezani mara kadhaa, kisha ajaze kiganja.

Nusu duara haina kona wala shingo. Unasukuma kutoka chini kwa kidole gumba, kitafunio kinaruka nje kizima. Kwa mbwa wa kilo 20 na kuendelea tafuta kitundu chenye upana wa sentimita 2.5 hivi, ambacho kinabeba takriban mililita 4 hadi 5. Kwa mbwa mdogo wa chini ya kilo 7 chukua cha sentimita 1.5, kisichofika hata mililita moja. Usiamini ukubwa ulioandikwa kwenye pakiti; jaza kitundu kimoja maji kwa lile bomba la sindano usome kipimo. Namba hiyo utaihitaji baadaye.

Kuhusu silikoni yenyewe, angalia unene. Trei nyembamba inalegea ikijazwa, inapinda ukiinyanyua, na nusu ya kazi inamwagika njiani kuelekea kwenye friji. Hata iliyo nzito iweke juu ya sinia au ubao kabla ya kumimina chochote. Inayonuka plastiki kali hata baada ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni, irudishe dukani. Silikoni nzuri ya chakula inavumilia uji wa agari unaotoka kuchemka na pia baridi ya jokofu bila kupasuka. Trei za kawaida za barafu za plastiki ngumu zinafaa kwa mchanganyiko wa mtindi peke yake, na hata hapo utalazimika kuzipitisha chini ya bomba la maji ili kitu kitoke.

Sasa vinavyoingia humo. Michanganyiko mitatu inatosha, na kila mmoja una tabia yake.

Wa kwanza ni ndizi na mtindi: gramu 200 za ndizi mbivu zilizomenywa na gramu 200 za mtindi mtupu usio na sukari wala ladha. Saga kwenye blenda hadi iwe laini, mimina, gandisha saa nne au zaidi. Huu ndio mchanganyiko rahisi kuliko yote, na unaganda kwa ulaini kwa sababu ya sukari ya ndizi na mafuta ya mtindi. Shida yake ni umeme. Ukikatika kwa saa kadhaa vitafunio vinayeyuka na kugeuka uji, na vikiganda tena vinakuwa na chembechembe za barafu. Kichumba cha barafu cha friji ndogo ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri, hivyo vipe usiku mzima, la sivyo utabandua nusu na nusu itabaki kwenye kitundu. Mbwa ambaye maziwa humharishia aanze na kipande kimoja tu.

Wa pili ni tikiti maji na agari, na kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga huu ndio tunaoupendekeza kwanza. Toa mbegu na ganda, saga, chuja, pima mililita 300. Weka gramu 5 za unga wa agari, karibu vijiko viwili vya chai, kwenye mililita 100 za maji baridi, koroga, kisha chemsha kwa dakika mbili kamili huku ukikoroga. Hapa ndipo wengi wanapokosea: agari isipochemka kweli haiyeyuki, na kitafunio kitabaki chepechepe hata ukikiacha siku nzima. Kosa la pili ni kumimina tikiti lililotoka kwenye friji. Agari huanza kushika ikipoa hadi nyuzi 40 na kushuka, kwa hiyo ikikutana na maji baridi inafanya mabonge papo hapo. Tikiti liwe na joto la chumba, limiminwe kidogo kidogo ndani ya sufuria huku ukikoroga, kisha haraka kwenye trei. Ndani ya saa moja limeshika, na halihitaji kugandishwa kabisa. Likishashika haliyeyuki hadi lifike nyuzi 80 na kitu, kwa hiyo joto la pwani halilifanyi lolote.

Badala ya agari, jelatini, kigandisho kinachotokana na wanyama, ndiyo njia ya wengi, na mahali penye baridi kama Limuru au Iringa inafanya kazi vizuri: gramu 28 za jelatini isiyo na ladha kwa mililita 400 za juisi ya matunda. Inyunyize juu ya mililita 100 za juisi hiyo ikiwa baridi, iache inywe kwa dakika kumi, kisha ipashe moto taratibu hadi iyeyuke bila kuchemka na uichanganye na iliyobaki. Ila huyeyuka kwenye nyuzi 30 na kidogo, ambalo ni joto la kawaida la mchana wa Februari mjini Dar. Pakiti za jeli za watoto zenye rangi na sukari si mbadala wake. Na kwa jikoni ambako nguruwe haingii, soma asili ya jelatini kwenye pakiti au baki na agari, ambayo hutokana na mwani.

Kuna jambo moja la jelatini linalowasumbua watu bila wao kujua sababu: ukitumia papai au nanasi lisilopikwa, haishiki kamwe. Jelatini ni protini, na matunda hayo yana vimeng'enya vinavyokatakata protini. Papaini ya papai ndiyo hiyohiyo inayolainisha nyama ngumu ikipakwa papai bichi kabla ya kuchomwa. Kuongeza jelatini hakusaidii. Chemsha rojo la papai au nanasi kwa dakika tano, vimeng'enya vife, uache lipoe kidogo ndipo uchanganye. Agari si protini, kwa hiyo haijali hilo, ingawa ukali wa nanasi huidhoofisha kiasi. Ongeza gramu moja.

Wa tatu hauhitaji trei. Ponda gramu 100 za ndizi mbivu, ongeza gramu 90 za oti zilizosagwa kuwa unga na kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga. Acha kwa dakika 15 oti zinywe maji, ndipo ufinyange vidonge vya gramu 5. Ukivifinyanga mara moja vinanata mikononi, unaongeza oti, na kesho yake vimekuwa vigumu kama kokoto. Ndizi zilizoiva sana zina maji zaidi. Hizo ziongezee gramu 10 za oti, si zaidi. Weka kwenye friji saa moja kabla ya kumpa.

Hapa ndipo ile namba ya mililita inapofanya kazi. Vitafunio vyote kwa pamoja visizidi asilimia 10 ya nguvu anayohitaji mbwa kwa siku. Kwa mbwa mzima aliyehasiwa na mwenye uzito wa kawaida, hiyo ni takriban kilokalori 37 kwa mbwa wa kilo 5, 63 kwa wa kilo 10, na 125 kwa wa kilo 25. Kipande cha mililita 5 cha tikiti na agari kina kilokalori moja hivi. Cha ndizi na mtindi kina karibu 4. Kidonge cha oti cha gramu 5 kina 13. Vinakaribiana ukubwa, lakini mbwa wa kilo 10 akila vidonge vitano vya oti amekwisha kuvuka kiwango cha siku nzima, wakati vipande vitano vya tikiti havina uzito wowote katika hesabu hiyo. Anayemfundisha mbwa kukaa na kuja, akimzawadia mara thelathini kwa kipindi kimoja, asikaribie oti. Mbwa mwenye kisukari asipewe chochote kati ya hivi kabla daktari wa mifugo hajasema.

Siagi ya karanga inastahili kusomwa lebo kuliko kitu kingine chochote humu. Tafuta iliyoandikwa karanga peke yake, au karanga na chumvi kidogo. Ikiwa na zailitoli, ambayo kwenye lebo huandikwa xylitol au E967, iache dukani. Kwa mbwa utamu huo unaamsha insulini nyingi kwa ghafla, sukari ya damu inaporomoka mara nyingi ndani ya saa moja, na ini linaweza kuharibika. Tatizo la pili ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoxin). Mwaka 2019 Shirika la Viwango Kenya liliondoa sokoni aina kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu hiyo. Mbwa huathirika vibaya na sumukuvu, na hakuna moto wa jikoni unaoimaliza, kwa hiyo karanga za bei ya chini zilizokunjamana au zenye ukungu usimsagie mbwa kwa kuwa tu ni mbwa. Ukisagiwa dukani, uliza kama mashine hiyo husaga makadamia pia. Kenya ina makadamia kwa wingi, na kwa mbwa huleta kutapika, kutetemeka na miguu ya nyuma kuishiwa nguvu.

Upande wa matunda, ndizi, tikiti, papai, embe na nanasi ni salama yakishaondolewa mbegu, kokwa, maganda na, kwa nanasi, kile kiini kigumu. Kokwa la embe ni hatari kwa sababu moja ya wazi: mbwa akilimeza linaziba utumbo, na hapo ni upasuaji. Zabibu, mbichi au kavu, hazina kiasi salama, huua figo. Tangu 2021 wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani wameielekeza lawama kwa asidi ya tatariki, na kwa sababu hiyo ukwaju nao umeingia kwenye orodha, kwani umejaa asidi hiyohiyo na kuna mbwa walioumia figo baada ya kuula. Habari hii haijaenea kwetu, na ukwaju uko kila jikoni. Usiutie hata kijiko kimoja kwa ajili ya ladha, wala usitumie juisi ya mchanganyiko ya dukani ambayo hujui ndani yake kuna nini.

Tikiti tupu lililogandishwa bila agari wala mtindi halifai. Linakuwa barafu ngumu, na mbwa anayetafuna barafu kwa nguvu anaweza kupasua jino la nyuma. Hata vya ndizi na mtindi, viache nje dakika mbili au tatu kabla ya kumpa. Mbwa mkubwa mwenye pupa humeza bila kutafuna, kwa hiyo kipande kiwe kidogo kiasi kwamba kikipita kizima hakikwami, au kikatwe katikati.

Vya agari na vya oti vinakaa kwenye friji siku nne hadi tano ndani ya chombo chenye mfuniko. Vilivyogandishwa vinafaa hadi miezi miwili, ila viondoe kwenye trei mara vinaposhika na uvihamishie kwenye mfuko, kwa sababu vikiachwa wazi vinakauka juu na kunyonya harufu ya samaki. Silikoni nayo hunyonya harufu na mafuta. Trei iliyowekewa siagi ya karanga ioshe kwa maji moto sana na sabuni siku ileile, uiache ikauke kabisa ikiwa imeinamishwa, na usiirudishe kwenye chokoleti za watu.