Windows 7: Chrome 109 au Firefox 115 ESR?
Chrome 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Kurasa bado zinafunguka, na hapo ndipo watu hudanganyika: matundu ya usalama yanayogunduliwa sasa hayazibwi. Usiingilie benki humo.

Chagua Firefox 115 ESR (toleo linalopewa masasisho kwa muda mrefu). Ilitoka Julai 2023, na Mozilla imeiongezea muda wa masasisho ya usalama zaidi ya mara moja. Kuhakiki, bonyeza mistari mitatu juu kulia, Help, kisha About Firefox. Namba ianze na 115, iishie na esr. RAM ikiwa GB 2, weka uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo, na usizidishe tabo nne. Onyo la cheti cha usalama likijirudia kila tovuti, rekebisha tarehe ya kompyuta kwanza. Huenda betri ya CR2032, ile ndogo ya mviringo inayotunza saa ya kompyuta, imekwisha.