Programu nzuri ya sataranji, watu wake hawana adabu

"Tumia Stockfish, achana na vitu vya kale." Hilo, yaani nihamie injini nyingine (ubongo unaocheza sataranji ndani ya programu), ndilo jibu zima nililopewa na watu wa huduma kwa wateja, baada ya kulipia programu yao kwa pesa zangu. Salamu hakuna! Huku kwetu Lamu hata anayekuja kudai deni hukuamkia kwanza.

Nami niliuliza jambo dogo tu: mbona Crafty, injini yangu ya zamani, haichezi? Naiweka, inatokea kwenye orodha, naanza mchezo, saa yake inakwenda mpaka inaisha, na yenyewe kimya. Kisha naambiwa nimeshinda. Nimemshinda nani, na hakuna kete hata moja iliyosogezwa?

Sababu nimeichimbua mwenyewe. Programu hutuma neno "uci" na kungoja injini ijibu "uciok". Huo ni utaratibu wa UCI, lugha ya programu na injini kuzungumza, uliotolewa mwaka 2000 na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen. Crafty ni kazi ya Robert Hyatt, yule yule wa Cray Blitz iliyotwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta 1983 na 1986, nayo inafuata utaratibu mwingine, wa WinBoard. Itangoja neno "xboard" mpaka kesho. Sentensi mbili tu wangeniandikia, nisingekuwa na neno!

Na hiyo Stockfish, kwetu sisi wa barazani, ni mateso matupu. Ukiiachia nguvu zake hupumui. Ukiipunguza, inacheza kibingwa, halafu ghafla inakutolea malkia kama sadaka ya Ijumaa. Crafty ikikufunga, angalau unaona ulipofungwa.

Nimerudi Arena, programu nyingine ya kuchezea injini. Ni ya bure, sura yake imechakaa, vitufe vimejazana hata huoni pa kubonyeza, lakini inakubali WinBoard na UCI pia. Crafty iliamka papo hapo.

Ila nisiwe mwongo, hii ya kulipia ina ubao wa kupendeza. Injini ya Fruit 2.1 ya mwaka 2005 inaijua UCI, na humo ndani inacheza bila tatizo. Juzi imenikesha mpaka adhana ya alfajiri. Kwa ajili yake nilifuta nyota moja nikaweka tatu.

Halafu nikapitia tena ukurasa wao wa mauzo. Wameandika "injini zote". Zote! Basi nyota ni moja, na hiyo ni ya aliyechora zile kete.